Bambu: Betri ya gari ya vijana iwekwe wapi? Tufikirie siku mbaya, si siku nzuri

Leo siwaletei habari ya risasi wala ya barabara iliyofungwa. Ninaleta maoni yangu juu ya betri. Wengine watacheka, lakini ninawaomba mfike mwisho, maana jambo hili linafika hadi ndani ya nyumba zetu za turubai, bashi kama tunavyosema, pale watoto wanapolala.

Hapa Bambu kuna vijana wanne wanaotengeneza gari kwa mikono yao. Ni gari fupi, ya viti viwili, haina paa, imekaa chini karibu na udongo. Watoto wameshaipa jina: gari ya michezo. Injini ilitoka katika Toyota ndogo iliyopata ajali. Chasi wameichomelea kwa vyuma vya mraba na mabomba ya zamani. Viti walinunua kimoja kimoja. Kati ya hao wanne, wawili ni wakaaji wa hapa na wawili walikimbia vijiji vyao katika wilaya ya Djugu. Hakuna aliyewatuma, na hakuna shirika lililowapa pesa.

Wiki iliyopita nilipita pale jioni. Sikusikia nyundo. Nilisikia mabishano. Kazi ilikuwa imesimama kwa sababu moja tu: betri ikae wapi?

Fundi mkubwa wao, aliyefundishwa kazi katika garaji moja ya Bunia, alisema iwekwe mbele, karibu na injini. Kijana anayetarajiwa kuiendesha alisema hapana, iwekwe nyuma, maana gari imeshakuwa nzito puani. Wa tatu alitaka iwekwe chini ya kiti cha abiria kwa sababu pale pana nafasi tupu. Wa nne alinyamaza. Waliponiona wakaniambia: "Kaka, wewe unasoma vitabu. Amua."

Sikuamua siku ile. Nilirudi nyumbani, nikawaza, nikauliza watu wanaojua kuliko mimi. Leo ninatoa jibu langu hadharani, pamoja na sababu zake.

Kwanza, betri ni kitu gani?

Betri ya gari ya kawaida ni sanduku lenye vyumba sita. Kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo, ndiyo sababu tunasema ni ya volti 12. Ikiwa imejaa na imepumzika, kipimo kinaonyesha karibu volti 12.6. Ikishuka hadi 12 au chini yake, iko karibu tupu. Ndani mna risasi, ile metali nzito, na asidi ya salfa. Betri ya gari ndogo ina uzito wa karibu kilo 15.

Sanduku hili lina tabia tatu za hatari. Kwanza, linaweza kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Kle ikianguka ikagusa vichwa vyote viwili, chuma kinawaka chekundu, na mkono ulioishika unaungua. Pili, lina asidi inayokula nguo, ngozi na macho. Tatu, linapochajiwa linatoa hewa inayoitwa hidrojeni. Hidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua. Hewa hiyo ni nyepesi, inapanda juu. Nyumba isiyo na tundu juu inaikusanya.

Kwa hiyo mwenye kuuliza "betri iwekwe wapi" anauliza maswali mengi kwa pamoja. Iwe mbali na nini? Nani amekaa karibu nayo? Gari ikipinduka, itamwangukia nani?

Hoja ya wale wanaosema nyuma

Kijana dereva si mjinga. Duniani kuna magari mengi ya michezo yanayobeba betri nyuma. Mazda MX-5 ya kwanza, gari ndogo ya viti viwili kutoka Japani, ilitoka kiwandani ikiwa na betri katika buti. BMW nyingi pia zina betri nyuma. Sababu ni uzito. Injini ikiwa mbele, magurudumu ya mbele yanabeba mzigo mkubwa, na gari inakuwa nzito kukata kona. Betri ikipelekwa nyuma, mizani inakaribia kulingana. Kwa sababu hiyohiyo Porsche 911, ambayo injini yake iko nyuma, betri yake iliwekwa mbele.

Basi tupige hesabu. Gari ya vijana wetu ina mita 2 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Betri ya kilo 15 ikihamishwa mita 1 na sentimita 60 kwenda nyuma, magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 12, na ya nyuma yanaongezewa kilo 12. Hiyo ndiyo faida yote.

Kilo 12! Katika mashindano ya Ulaya, watu wanatumia pesa nyingi kutafuta kilo 12. Lakini hapa kwetu? Abiria mmoja akishuka, gari inapoteza kilo 60 au 70. Ukipakia kopo moja la lita 20 za mafuta, umeshazidi zile kilo 12. Na barabara yetu ya mashimo na matope haitamruhusu dereva hata mara moja kufika kwenye kasi ambayo kilo 12 zitaamua kama anakata kona au anaanguka mtaroni.

Sasa angalia hasara. Vijana wameweka tanki la esansi nyuma ya viti. Betri ikienda nyuma, italala jirani na esansi. Kisha kebo kubwa ya umeme itatoka nyuma hadi mbele, kama mita 4, ikipita chini ya viti kando ya vyuma vilivyokatwa kwa msumeno. Kila shimo la barabara litasugua kebo hiyo. Siku mpira wake ukiisha, waya utagusa chasi, na cheche zitaruka palepale penye mvuke wa esansi.

Kuna jambo lingine. Kuwasha injini ndogo, demarere inavuta ampea 100 na zaidi, tuseme 150. Kebo ya shaba ya milimita 25 za mraba, kwa mita 4, itapoteza karibu nusu ya volti moja. Kebo hiyo ni ghali. Najua vijana wetu watanunua nyembamba, ya milimita 10 za mraba, na hapo watapoteza volti 1 nzima. Asubuhi ya baridi, demarere itazunguka kwa uvivu, kisha watasema betri ni mbovu. Watanunua nyingine, na ile nayo wataitukana.

Hoja ya chini ya kiti

Hii ndiyo iliyonitia hofu zaidi, hata kama gari maarufu imeshafanya hivyo. Volkswagen ile ya zamani, yenye umbo la kobe, betri yake ilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Mafundi wengi wanajua kilichotokea kwa magari hayo yalipozeeka: kifuniko cha betri kinapotea, mtu mnene anakaa, chemchemi za kiti zinagusa vichwa vya betri, na majani ya kiti yanashika moto. Abiria anasikia joto kabla hajaona moshi.

Tulipokuwa tunabishana, mama wa mmoja wa vijana alikuwa ameketi pembeni akitenganisha maharagwe na mawe. Ni mkimbizi wa ndani. Katika kambi alikokaa kabla ya kuja Bambu, alikuwa anachajia watu telefone kwa pano ya jua na betri ya gari. Kwa kazi hiyo alilisha watoto watano. Aliposikia "chini ya kiti," akaacha maharagwe yake. Akasema:

"Mwanangu, mimi niliweka yangu chini ya kitanda. Niliogopa wezi. Usiku waya ukaguswa na chuma cha kitanda. Tulitoka na watoto na nguo za kulalia. Bashi iliisha kabla sijahesabu watoto wangu wote. Walikuwa watano, Mungu ni mkubwa, walikuwa watano. Usiweke kitu hicho chini ya makalio ya mtu."

Hakuna aliyejibu. Hata yule kijana aliyetoa wazo hilo alitazama chini. Nadhani mabishano juu ya kiti yalikwisha pale.

Maoni yangu

Mimi nasema: betri iwekwe mbele, katika chumba cha injini, nyuma kabisa pale penye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, upande wa kuume. Sababu zangu ni hizi.

Upande wa kuume, kwa sababu usukani wa gari hii uko kushoto. Dereva akiwa peke yake, uzito wake uko kushoto, betri kuume inasaidia kidogo. Na bomba la moshi la injini yao linatokea kushoto, kwa hiyo betri itakuwa mbali na joto. Joto linaua betri mapema, na linakausha maji yake.

Karibu na ukuta, kwa sababu pale ni mbali na pua ya gari. Gari ikigonga ng'ombe au mti, pua ndiyo inayokunjwa kwanza.

Mbele na si nyuma, kwa sababu kebo itakuwa chini ya mita 1, na esansi itabaki upande mwingine wa gari. Umeme mkubwa mbele, mafuta nyuma, watu katikati, na ukuta wa chuma kati yao. Kama vijana hawa wangeweka injini nyuma na tanki mbele, ningesema kinyume. Sipendi mbele kwa sababu ya mbele. Ninatafuta mahali ambapo siku mbaya ikija, betri itaumiza watu wachache kuliko pengine.

Lakini mahali pazuri peke yake hapatoshi. Nimewaandikia vijana mambo matano katika karatasi, na ninayarudia hapa kwa kila mwenye garaji:

1. Betri ikae juu ya sahani ya chuma, na ifungwe na mkanda wa chuma na boti mbili. Usifunge kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Gari ikigonga, kilo 15 zinageuka kuwa mzigo wa mamia ya kilo, na mpira huo utakatika kama uzi.

2. Kichwa cha chanya kifunikwe na mpira. Kebo ikipita katika tundu la chuma, tundu liwekewe pete ya mpira.

3. Waya wa taa na honi upite kwenye fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri. Fyuzi iliyo mbali hailindi waya ulio kabla yake.

4. Pawe na swichi ya kukata umeme wote, mahali ambapo mtu aliye nje ya gari anaweza kuifikia. Ajali ikitokea, mpita njia wa kwanza ndiye atakayeizima.

5. Ukitoa betri, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Hivyo kle ikigusa chasi wakati unafungua chanya, hakuna kitakachotokea.

Jambo hili linafika hadi kambini

Sasa nizungumze na ninyi ndugu mlioko katika kambi. Kambini hamna gari. Lakini betri mnazo. Tangu vita vilipoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, familia ngapi zimekimbia na vitu vitatu tu: mtoto mgongoni, godoro kichwani, na pano pamoja na betri? Ninajua kwa nini. Betri ni taa ya usiku, ni redio ya kujua kama kijiji kimetulia, ni telefone ya kumtafuta ndugu aliyepotea. Kwa wengi ni biashara pia.

Tena hapa kwetu betri inaumiza roho. Bambu ulikua kwa dhahabu ya Kilo-Moto, ile iliyogunduliwa mwaka 1903. Bwawa la umeme la Budana lilijengwa wakati wa ukoloni ili kuendesha migodi. Mashine zilipata umeme kabla ya watu. Leo, miaka mingi baadaye, mama anabeba umeme wake kichwani, katika sanduku la asidi.

Basi kanuni ile ya gari ni ileile ya nyumba ya bashi. Usiulize "pana nafasi wapi?" Uliza "ikiharibika usiku, nani yuko karibu?" Betri isikae chini ya kitanda. Isikae kati ya mlango na watoto wanaolala, maana moto ukianza pale, njia imefungwa. Iwekwe karibu na mlango, upande mmoja, juu ya ubao au ndani ya beseni la plastiki, mbali na jiko na mshumaa. Sehemu ya juu ya nyumba iachwe na tundu, hewa ile nyepesi itoke. Mchana wa kuchaji, ni afadhali ikae nje kivulini ikiangaliwa. Wezi wapo, najua. Lakini majirani watatu wanaweza kulinda betri zao pamoja mchana kwa zamu, kama wanavyochunga mbuzi.

Asidi ikimrukia mtoto, osha kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20 bila kuacha, kisha kimbia kituo cha afya. Usipake mafuta, usipake majani. Iliyomwagika chini, imwagie majivu ya kuni. Na betri iliyokufa usiipasue ili kuyeyusha risasi yake karibu na nyumba. Moshi wake na vumbi lake vinaingia katika damu ya watoto na kuharibu akili zao, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Kwa wanaosema vijana wanapoteza wakati

Nimesikia watu wakisema: nchi iko vitani, hawa wanachezea gari ya michezo. Mimi nawajibu hivi. Jirani zetu wa Uganda, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, mwaka 2011 waliendesha Kiira EV, gari ya umeme ya viti viwili waliyoitengeneza wenyewe. Watu walicheka pia. Mwaka 2016 kazi hiyo ilizaa basi la Kayoola lenye pano za jua juu ya paa. Hapa nchini kwetu, injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka maroboti ya kuongoza magari Kinshasa, yaliyotumia nguvu ya jua. Kabla ya hapo, Wakenya nao walijaribu gari lao la Nyayo, kuanzia mwaka 1986. Lile halikufika kiwandani, lakini mafundi waliojifunza kwalo hawakutupwa pamoja nalo.

Bambu, kijana wa miaka ishirini ana milango michache. Kuna shimo la dhahabu, kuna pikipiki, na kuna bunduki. Vijana wanne, wenyeji na wakimbizi, wakikaa jioni tatu mfululizo wakibishana juu ya betri, na hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa kabila gani, mimi nasema hiyo ni habari njema kuliko mikutano mingi niliyowahi kuandika.

Ninawaomba viongozi wetu na mashirika yanayoleta misaada: mkileta pano na betri kambini, leteni pia sanduku la kuitia, fyuzi, na mtu wa kuonyesha akina mama jinsi ya kuzipanga. Sanduku la mbao linaweza kutengenezwa hapahapa na vijana hawahawa, wakalipwa.

Juzi nilirudi pale. Sahani ya chuma ilikuwa imechomelewa mbele, upande wa kuume, karibu na ukuta. Kijana dereva bado amekasirika kidogo. Alinionyesha kuwa ameacha matundu ya boti nyuma pia, "siku barabara ikitengenezwa." Nilimwambia siku hiyo nitamsaidia mwenyewe kuihamisha, mradi ahamishe na tanki.

Yule mama alikuwapo. Aliinama, akaishika betri kwa mikono miwili, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikusogea. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Hayo ni maoni yangu. Mwenye yake tofauti, ayatume, tutayasoma. Kwa sasa, kabla hujalala usiku wa leo, angalia betri yako iko wapi.

Toka Bambu, mwandishi wenu.